Verlene na Kitanda cha Nyumba ya Ottway

Wapo wanawake ambao hata ukiwatembelea mara mia huwakuti wamekaa, na Verlene Dreiling alikuwa kinara wao. Watu wa Kesler, mji mdogo wa magharibi ya Kansas ambako ghala la ngano ni refu kuliko kanisa, walizoea kumwona wima. Wima jikoni, wima posta, wima nyuma ya kanisa hata kama viti vya mbele ni vitupu. Kiti pekee alichokikalia kwa hiari yake kilikuwa cha dereva wa basi la shule, na hapo pia mikono ilikuwa kazini.

Alizaliwa wa kwanza kati ya saba. Mama yake alikuwa na mgongo mbovu na baba yake alikuwa na ng'ombe, basi Verlene akawa mama kabla hajamaliza utoto. Akalea wadogo zake, akaolewa na Leland, akazaa wavulana wawili, akamzika Leland. Wavulana wakahamia Denver. Akarudi kwa yule mama mwenye mgongo, akamuuguza mpaka mwisho. Siku aliyotoka makaburini kumzika alikuwa na miaka hamsini na mbili, na alipofika nyumbani akasimama katikati ya jikoni akisikiliza. Hakuna aliyekuwa anamwita.

Ukimya ule ndio uliompeleka chuo cha wilaya, masomo ya jioni. Alitaka somo moja tu, la mawe. Huko kwao miti ni haba, na watu wa zamani walichonga nguzo za uzio kwa mawe, na ndani ya mawe yale mna makombe ya baharini. Kansas haina bahari, hata ya kusingiziwa. Tangu utotoni Verlene alikuwa akipitisha kidole juu ya makombe yale akijiuliza yalifikaje, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na muda wa kumjibu. Sasa akajibiwa. Kila jibu likazaa maswali, na somo moja likawa mengi, na mwalimu wake mmoja akamshika bega akamwambia apeleke maombi chuo kikuu cha jimbo. Tena asiombe kama watu wengine, aombe mpango wa wanafunzi bora, wale wanaopelekwa kuchimba mawe na maprofesa wenyewe.

Wakamkubali. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu chuo kikuu kiko upande wa pili wa jimbo, mchana mzima barabarani kwenda na kurudi, na kodi za nyumba mjini kule si za dereva wa basi. Palikuwa na njia moja tu. Mpango wa wanafunzi bora una bweni lake la wasichana, Nyumba ya Ottway, na malipo yake ni kidogo kwa kuwa wakazi wenyewe wanapika, wanaosha, wanadeki. Hakuna mpishi wala mfagizi. Na hakuna ofisi inayokupangia humo. Unaandika maombi, unaalikwa ulale nao siku mbili, halafu wakazi wanapiga kura. Kwa Verlene hesabu ilikuwa nyepesi: bila kitanda cha Ottway hakuna chuo kikuu, anarudi kwenye basi lake.

"Bweni la wasichana?" mdogo wake Janelle alipiga kelele kwenye simu. "Dada, una akili timamu? Wale wana miaka kumi na tisa!"

"Fomu haikuuliza miaka. Imeuliza kama navuta sigara na kama nakoroma."

"Ukajibu nini?"

"Nimejibu sivuti."

Janelle akacheka mpaka akakohoa. Kisha akataka asomewe lile jibu refu, lile la *kwa nini unataka kuishi nasi*. Verlene akamsomea. Aliandika kwamba anajua kupikia watu wengi, haogopi kazi chafu, anaamka mapema, hachelewi, na wakimchukua hawatajuta maana hatakaa bure hata dakika moja.

Upande wa pili wa simu Janelle akaguna.

"Sasa hapo unaomba chumba," Janelle akasema, "au unaomba kazi ya uyaya?"

"Ninaonyesha kwamba nina faida."

"Haya. Faida." Na Janelle, ambaye kwa kawaida neno la mwisho ni lake, siku hiyo akaliacha.

Barua ya mwaliko ikaja. Mwanzoni mwa Februari, Ijumaa, Verlene akaendesha gari kuelekea mashariki, upepo ukimsukuma kwa nyuma kama unaomharakisha. Nyumba ya Ottway ilikuwa ya matofali, ghorofa tatu, na barazani palikuwa na theluji iliyoganda na baiskeli tatu zilizosahauliwa ndani yake. Alibisha. Mlango ukafunguliwa na msichana mrefu mwenye nywele za manjano kama ngano iliyoiva.

"Karibu, mama! Mimi ni Maren, mwenyekiti wa nyumba. Binti yuko wapi, anaegesha gari?"

"Binti ndiye mimi."

Maren akatazama nyuma ya bega la Verlene, kama kwamba binti wa kweli amejificha kwenye theluji. "Yaani wewe ndiye Verlene?"

"Kuna mwingine?"

"Hapana, jina nililiona, ila nilidhani... siku hizi majina ya zamani yanarudi."

"Sisi hatujarudi. Wenzangu wako makaburini, nimebaki mimi."

Maren akaangua kicheko mpaka akashika mlango, na Verlene akaingia.

Mwenyeji wake alikuwa Teodora Quintanar, ambaye kila mtu alimwita Teo, msichana mfupi mwenye sauti ya mtu mkubwa, kutoka mji wa viwanda vya nyama kusini ya Kesler. Teo alimpa kitanda cha dirishani, akalala yeye cha ukutani, na kabla mfuko haujafunguliwa alikwisha kumuuliza kuhusu Leland, basi, makombe na koromo.

"Unakoroma kweli?"

"Marehemu alikuwa anasema nakoroma kama trekta."

"Basi tutaelewana. Mimi naongea usingizini. Nikikutukana usijibu."

Usiku ule walikula kile ambacho shule zote za Kansas zinapika tangu zama za bibi zao: mchuzi mzito wa maharage na nyama ya kusaga, wenye pilipili, na pembeni mkate wa mdalasini uliopakwa sukari. Wageni kutoka nje hukunja pua. Mtu wa Kansas anachovya. Verlene alichovya, na meza nzima ikamwona, na ile ilikuwa kura ya kwanza ingawa hakuna aliyeihesabu.

Wakati wa kula Maren alimweleza sheria. Ukutani mwa jikoni palikuwa na gurudumu kubwa la mbao lenye majina, na kila wiki linazungushwa. Jina lako likiangukia masufuria, ni masufuria. Likiangukia vyoo, ni vyoo. Usipofanya zamu yako kabla ya chai ya asubuhi, jina lako linachomekwa pini nyekundu. Pini tatu, na mwaka unaofuata huna kitanda.

"Na zamu ya mtu haiguswi," Maren akasema. "Mwingine akiifanya, tunahesabu haijafanywa. Zamani waliokuwa na pesa walikuwa wanawalipa wasio nazo wawaoshee. Tulikataa."

"Vizuri sana," Verlene akasema huku akikusanya sahani za jirani zake.

"Mama, acha sahani."

"Ooh, samahani." Akaziacha. Alisikia ile sheria kama vile mtu anavyosikia redio ikitangaza hali ya hewa ya jimbo jingine.

Asubuhi aliamka kabla ya jua, kama siku zote. Teo alikuwa amelala akimgombeza mtu fulani ndotoni. Verlene akashuka jikoni kwa soksi, akawasha taa, na hapo kwenye sinki akayakuta masufuria ya jana. Makubwa, ya kupikia watu arobaini, yamejazwa maji, mafuta yameganda juu kama barafu ya bwawani. Jamani, mwanamke wa namna ile anawezaje kupita hapo akaenda zake? Akakunja mikono ya sweta. Akasugua. Alipomaliza masufuria akasugua jiko, akafuta rafu, akaona milango ya kabati ina alama za vidole, akaifuta na yenyewe. Kwenye chumba cha kufulia akakuta mashine ya kukaushia imejaa nguo zilizopoa ndani, zimejikunja kama majani makavu. Akazitoa, akazikunja moja moja, akazipanga juu ya meza kwa rangi. Halafu akatengeneza kahawa ya nyumba nzima, akasimama kando ya jiko akisubiri, akiwa na furaha kama mtoto aliyeficha zawadi.

Wa kwanza kushuka alikuwa Brynn, msichana wa mjini, mtoto wa daktari wa meno. Alipita kwenda chumba cha kufulia, akarudi mbio.

"Nani amekunja chupi zangu?"

"Mimi, mwanangu. Nilizikuta zinajikunja."

"Zimekunjwa pembetatu! Kama sambusa!"

"Hivyo hazichukui nafasi."

"Mimi si mwanao," Brynn akasema, uso umemwiva, "na ninyi kina mama mna nini na nguo za watu? Nimetoka nyumbani ili nguo zangu nizikute nilipoziacha!"

Wasichana wengine wakawa wameshashuka, na ukubwa wa jambo ukaanza kuonekana taratibu, kama maji yanavyopanda. Mmoja akatazama sinki. Mwingine akatazama gurudumu. Maren akaja na nywele hazijachanwa, akatazama vyote viwili, na akauma mdomo.

"Masufuria ilikuwa zamu ya nani?"

Aliuliza kwa desturi tu, maana jibu lilikuwa pale kwenye gurudumu. Ilikuwa zamu ya Teo. Teo alikuwa na mtihani, aliyaloweka ili ayaoshe asubuhi kabla ya chai, na hilo linaruhusiwa. Na jina la Teo lilikuwa na pini mbili tayari.

Verlene akayatazama masufuria yanayong'aa. "Lakini si yameoshwa? Ni kosa langu mimi, sikujua kwamba yeye..."

"Uliambiwa jana," Maren akasema, bila ukali, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Sitachomeka sasa. Mkutano wa jioni utaamua."

Teo alishuka wa mwisho. Akaelezwa. Hakupiga kelele. Akachukua kahawa, akamwashiria Verlene kwa kidevu, wakatoka barazani, kwenye baridi.

"Nitawaambia wote," Verlene akaanza. "Nitasimama nikutetee. Nitawaambia adhabu wanipe mimi..."

"Usinitetee."

"Ila, mwanangu..."

"Sikiliza kwanza. Ukinitetea unafanya kilekile, unanioshea tena." Teo akapuliza kahawa yake. "Mama yangu anafanya kazi kiwandani, anakata nyama siku nzima. Mikono yake ukiishika ni kama kamba. Anarudi nyumbani, anaosha vyombo vya baba, vya kaka zangu watatu, vyangu. Mimi nilikuwa nasoma mezani, yeye anaosha nyuma yangu. Kila siku. Nilipoingia nyumba hii niliapa hakuna mwanamke atakayeosha sufuria yangu tena. Leo nimeshuka nimekuta umeosha."

Verlene akaikunjua mikono ya sweta.

"Na nikuambie la pili, maana wale ndani wana aibu ya kukuambia. Kura itakuwa hapana. Si kwamba hawakupendi. Jana walikupenda. Ila wanajijua. Ukiingia humu kama mama, watakuacha uoshe. Wiki mbili tu. Watakuita mpenzi, watakukumbatia, na utakuwa mtumishi wao, na wewe utafurahi, na sisi tutaoza. Hatutafuti mama, Verlene. Mama tunao."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kumwita kwa jina lake badala ya mama.

Alikwenda kukaa ndani ya gari lake. Alifikiri kuondoka. Ufunguo ulikuwa mkononi. Badala yake akampigia Janelle, akamweleza yote, hata zile sambusa, na akamngoja acheke. Janelle hakucheka.

"Unamkumbuka Leland alipozikwa?" akauliza.

"Swali gani hilo?"

"Baada ya makaburini. Ule ukumbi wa chini ya kanisa. Kina mama wa parokia walileta nyama ya nguruwe ya kuoka, viazi, keki, wakapanga meza wakuhudumie wewe mfiwa. Wewe ulikuwa wapi?"

Verlene akazungusha ufunguo kidoleni.

"Ulikuwa jikoni. Umevaa nguo nyeusi na aproni ya mtu, umempokonya bibi Schmidtlein sponji. Mimi nilikuwa nimekuandalia sahani. Nilisimama nayo mlangoni mpaka ikapoa. Nilitaka siku moja, dada, siku moja tu nikufanyie kitu, wewe uliyenivalisha viatu mpaka nikaanza shule. Ukaniambia, weka hapo, nitakula baadaye. Hukula."

"Sikujua."

"Hukutazama. Mtu akikuletea kitu unaona kama anakunyang'anya." Janelle akapenga kamasi. "Haya, nimesema. Sasa usirudi Kesler. Ukirudi nitakuonyesha. Kaa hapohapo, ukae maana yake ukae, na makalio."

Mkutano ulikuwa sebuleni, wasichana wamejaa kwenye makochi na zulia. Verlene alisema maneno machache. Alisema aliambiwa sheria, hakuisikiliza kwa sababu alidhani haimhusu, na nguo za Brynn hazikuwa zake kuzigusa. Hakusema lolote juu ya Teo, na ilimbidi aume ulimi. Teo akajisemea mwenyewe. Akaomba apewe masufuria ya usiku ule peke yake, bila msaidizi, na ya kesho yake, na pini isichomekwe. Wakabishana kidogo. Mikono ikainuliwa. Wakakubali.

"Kwa sharti moja," Brynn akasema kutoka kwenye zulia. "Mgeni asitie mguu jikoni."

Kila mtu akamgeukia Verlene.

"Sitatia," akasema.

Kama kuna mtu anadhani hilo ni jambo dogo, basi yeye hakulelewa na mama mwenye mgongo mbovu. Baada ya chakula watu wakatawanyika kwenye vitabu vyao. Verlene akabaki kwenye meza ya kulia, kiti kikiwa kimeutazama mlango wa jikoni. Kule ndani Teo alianza. Na Teo, tuseme ukweli wa Mungu, alikuwa haoshi vizuri. Alikuwa anagongagonga. Alikuwa anamwaga maji ya moto yote mara moja. Kuna sufuria lilikuwa limeungua chini, na Verlene alisikia anavyolikwangua na kijiko, kwaru, kwaru, wakati kinachotakiwa ni kuliloweka na magadi na kuliacha. Kila kwaru ilimwingia mgongoni.

Brynn akaja akaketi mbele yake na vipande viwili vya pai. Akamtazama kwa muda.

"Umeikalia mikono?"

Verlene akajitazama. Kweli, mikono yote miwili ilikuwa chini ya mapaja. "Nimeikalia."

"Inauma?"

"Kama jino. Muulize baba yako."

Brynn akajizuia asicheke, akashindwa. Akamsogezea pai. "Kula. Nimekukatia mimi. Na usiniambie kwamba kipande changu ni kidogo."

Kilikuwa kidogo. Verlene alikwisha kukiona. Akafungua mdomo, akaufunga, akatoa mkono mmoja chini ya paja, akala. Brynn akamuuliza habari za mawe, na Verlene akamweleza makombe ya kwenye nguzo, kwamba pale walipokaa palikuwa chini ya maji, na mijusi ya baharini yenye urefu wa basi ilipita juu ya dari hii. Brynn akatazama dari. Kule jikoni kifuniko kikaanguka, kikazunguka sakafuni mara nyingi kabla hakijatulia. Verlene akafumba macho. Hakuinuka.

Mwishowe maji yakanyamaza. Teo akatoka, nywele zimemganda usoni, fulana imelowa mpaka kitovuni, ameshika kikombe.

"Kahawa," akasema. "Ukisema ungejitengenezea mwenyewe, naimwaga."

Verlene akaipokea kwa mikono miwili. "Asante."

Wakangoja. Wote wawili, Teo na Brynn, walikuwa wanangoja yale yanayofuata, ooh usingejisumbua, kaa wewe uliyechoka, lete hicho kikombe nikioshe. Hayakuja.

"Ni hilo tu?" Teo akauliza.

"Ni hilo tu. Kahawa ni tamu."

Haikuwa tamu. Ilikuwa na ladha ya sabuni, na ukingo wa kikombe ulikuwa na mafuta. Verlene akainywa hadi chini, polepole, akiwa amekaa, na katikati ya kunywa macho yakamlowa. Akasingizia mvuke. Wale wasichana, pamoja na ukali wao wote, walikuwa na adabu ya kumwamini.

Kura ilipigwa Jumapili baada ya chai. Mwombaji aliambiwa asubiri barazani. Verlene alisimama, kisha akajikumbusha, akafuta theluji kwenye ngazi akakaa. Upepo ulikuwa umetulia. Aliwaza basi, njia yake ya mashambani, watoto wanaopanda wakiwa na usingizi. Alijiambia kwamba hata wakikataa, watu hawa wamemfanyia jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Wamemwambia ukweli uso kwa uso na bado wakamkatia pai. Hilo lilikuwa kweli. Na bado alikitaka kile kitanda.

Mlango ukafunguka. Maren, na nyuma yake vichwa.

"Kura zimetosha," Maren akasema. "Karibu Ottway. Tunakungoja Agosti."

Verlene akashika ukuta wa ngazi. "Wote?"

"Hatusemi."

"Mimi ningekataa jana asubuhi," Brynn akadakia kutoka nyuma. "Leo nimekubali. Usizoee."

Walimbebea mfuko mpaka kwenye gari, wasichana watatu kwa mfuko mmoja mwepesi, wakigombania. Aliwaacha waubebe. Njiani kurudi magharibi aliendesha huku akisema asante kwa sauti, peke yake, kwa mwalimu wa chuo cha jioni, kwa Janelle, kwa Teo mwoshaji mbovu, kwa Leland aliyewahi kumwambia ana kichwa kizuri na yeye akadhani anasemea nywele.

Agosti akahamia, chumba kimoja na Teo. Gurudumu halikumwonea huruma. Zamu yake ya kwanza ilikuwa vyoo vya ghorofa ya tatu, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa analalamika mezani kama wenzake kwamba kuna mtu huko juu nywele zake zinatosha kuziba mto. Bado mikono ilikuwa inamponyoka. Mara anakusanya sahani, mara anamkunjia mtu taulo, na meza nzima inaita kwa pamoja, "Verleeene!" na yeye anaacha.

Oktoba akashikwa na homa ya mafua, ile ya kulaza. Ottway ina utaratibu wake mtu akiugua: zamu yake inagawanywa, na haidaiwi. Teo akamletea supu ya kuku ya mama yake, yenye mahindi na ndimu. Brynn akamfulia mashuka, akayarudisha yamekunjwa vibaya sana, hayana pembe wala upande, akayaweka miguuni pake akiwa amesimama kama anayengoja maksi.

"Asante, Brynn," Verlene akasema.

"Yako sawa?"

"Yananitosha."

Brynn akaenda. Baadaye, kupitia ukutani, Verlene akasikia brashi ikisugua vyoo vya ghorofa ya tatu, mtu anaimba ovyo, ndoo ikipigwa teke kwa bahati mbaya. Vyoo vyake, maana gurudumu lilikuwa limemrudishia wiki ile. Akasikiliza kidogo, akavuta blanketi mpaka kidevuni, akageukia ukuta, akalala.